KOMPYUTA YA NYUMBANI: NAMNA YA KUCHAGUA PROGRAMU YA KUKINGA VIRUSI

Kompyuta si chombo cha maofisini pekee. Familia nyingi za Unguja na Pemba huitumia nyumbani kwa kazi za skuli na chuo, kwa hesabu za duka na kwa kuhifadhi picha za jamaa. Mali iliyomo ndani yake inaweza kuharibiwa bila ya mlango kuvunjwa. Somo hili linamkusudia mwenye kompyuta inayotumia Windows, ili achague kinga kwa kupima, si kwa hofu wala kwa kuangalia bei peke yake.

VIRUSI NA NJIA ZAKE

Virusi vya kompyuta ni programu iliyoandikwa kwa makusudi ili ijinakili kutoka mashine moja hadi nyingine na kufanya jambo ambalo mwenyewe hakuliridhia. Virusi vya mwanzo vya kompyuta za aina ya IBM PC, vilivyoitwa Brain, viliandikwa mwaka 1986 na ndugu wawili katika mji wa Lahore, Pakistan, navyo vilisafiri kwa disketi. Kazi hiyo ya disketi imerithiwa na flashi, ambayo hupelekwa steshenari kuchapishiwa karatasi na kurudi nyumbani na kisichotakiwa. Dalili yake mashuhuri ni mafolda kugeuka alama za njia ya mkato zenye mshale mdogo. Mafolda yenyewe huwa yamefichwa, na anayebofya alama hiyo huiendesha programu mbaya kwa mkono wake mwenyewe.

Wapo waharibifu wasiohitaji flashi. Tarehe 12 Mei, 2017 programu iitwayo WannaCry ilianza kuenea kwa njia ya mtandao, ikayafunga mafaili ya watu kwa maandishi ya siri na kudai dola 300 ili yafunguliwe. Kwa siku chache ilizifikia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Tundu ililopitia lilikuwa limekwishatolewa kiraka na Microsoft mwezi Machi mwaka huo huo. Wengi walioathirika hawakuwa wamekipokea.

JINSI KINGA INAVYOFANYA KAZI

Programu ya kukinga virusi hutumia njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kulinganisha kila faili na orodha ya alama za virusi vinavyojulikana. Ya pili ni kuchunguza mwenendo: programu inayoanza ghafla kubadilisha mamia ya mafaili husimamishwa hata kama jina lake halimo katika orodha. Virusi vipya huandikwa kila siku, kwa hiyo orodha isiyohuishwa hupoteza thamani upesi. Mlinzi aliyepewa majina ya wezi wa mwaka jana hulala mlangoni huku mwizi mpya akipita.

MAMBO YA KUPIMA KABLA YA KUCHAGUA

Kwanza, kilichopo. Windows 10 na Windows 11 huja na kinga yake, Microsoft Defender, isiyodai malipo ya ziada. Kwa nyumba nyingi kinga hiyo, ikiwa imewashwa na inahuishwa, inatosha. Anayetaka kununua nyingine ajiulize kwanza atapata nini ambacho hana.

Pili, ushahidi wa watu wa nje. Zipo maabara zinazozijaribu programu hizi mara kwa mara na kutangaza matokeo, zikiwemo AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria. AV-TEST hutoa alama katika mambo matatu: ulinzi, wepesi wa mashine, na urahisi wa matumizi pamoja na uchache wa kengele za uongo. Kila jambo lina alama 6, jumla 18. Matokeo hayo ni mizani bora kuliko sifa za muuzaji.

Tatu, uzito. Kompyuta kongwe yenye kumbukumbu ndogo huweza kuelemewa na programu kubwa, hata mwenyewe akaizima ili afanye kazi zake. Kinga iliyozimwa si kinga. Aidha, isiwekwe programu mbili za kulinda kwa wakati mmoja, kwani hugombana na kuipunguza kasi mashine.

Nne, gharama iliyofichika. Mwezi Februari, 2024 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilitangaza amri ya kuitaka kampuni ya Avast ilipe dola milioni 16.5, kwa madai ya kuuza taarifa za kurasa walizozitembelea wateja wake. Ni vyema basi masharti yasomwe kabla ya kukubaliwa, hata pale programu inapotolewa bure.

Tano, uhalali. Nakala iliyovunjwa kufuli na kugawiwa kwa flashi huweza kuwa ndiyo yenye virusi. Vivyo hivyo, tangazo linalochomoza katika ukurasa wa mtandao na kudai kuwa kompyuta imeambukizwa lisibofywe. Na programu ya majaribio iliyokuja na kompyuta mpya iangaliwe tarehe yake ya mwisho, kwani nyingi zikimaliza muda huacha kupokea taarifa mpya, ilhali alama yake ingali inaonekana.

KUHUISHA KWA BANDO DOGO

Mwenye kutumia bando la simu aelewe kwamba Windows, ikielekezwa kuwa muunganisho ni wa kupimwa, huweza kuahirisha upakuaji wa taarifa mpya. Inashauriwa afungue sehemu ya Usalama wa Windows angalau mara moja kwa wiki na kutafuta taarifa mpya mwenyewe. Ikumbukwe pia kuwa huduma ya kawaida ya Windows 10 ilimalizika tarehe 14 Oktoba, 2025. Hakuna programu ya kukinga virusi inayoweza kuziba matundu yote ya mfumo usiopokea viraka.

KUIJARIBU KINGA

Taasisi ya Ulaya iitwayo EICAR hutoa bila malipo faili la majaribio lenye herufi na alama 68 tu. Faili hilo halina madhara yoyote, lakini programu za kukinga virusi zimekubaliana kulitambua kana kwamba ni virusi. Likipakuliwa na kompyuta ikakaa kimya, mwenye nyumba atajua kuwa mlinzi wake amelala.

MPAKA WA KINGA

Hata kinga bora hupitwa. Kwa hiyo nakala ya akiba ya mafaili muhimu iwekwe katika diski ya nje, na diski hiyo ichomolewe mara kazi inapokwisha, kwani virusi vinavyofunga mafaili hufunga pia kila diski vinayoikuta imechomekwa. Wazee wenye vijana wanaoandika kazi za mwisho za masomo wanahimizwa kulisimamia jambo hili mapema. Programu huweza kuwekwa upya kwa saa chache. Maandishi ya mwaka mzima yasiyo na nakala hayarudi.