Dondoo muhimu: kumsaka rafiki wa utotoni

Wengi huanza kwa kuandika jina Facebook, wakaambulia akina Juma Hassan lukuki.

1. Kusanya majina matatu: lake, la baba, la babu. Jina la utani halisaidii: "Kipara" wa darasa la tatu hayumo kwenye rejista yoyote.
2. Aliyeolewa huenda anatumia jina la mume. Mtafute kupitia kaka yake.
3. Usitegemee namba ya zamani. Januari 2020 Tanzania ilianza kuzima laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole, na namba iliyolala muda mrefu hugawiwa mtu mwingine. Ukipiga, uliza jina kabla ya kumwaga utani wa miaka ile.
4. Fika mtaani mlikokulia. Mama wa genge na fundi cherehani mkongwe ndio wanaojua nani alihamia Dodoma na nani ametangulia mbele ya haki (jiandae kwa hilo).
5. Jitambulishe kwa jambo mnalolijua wawili tu: mwembe ambao mlianguka kutoka juu yake, kengele ya shule iliyokuwa rimu ya lori.
6. Usitaje mkopo wala biashara; atadhani wewe ni tapeli.
7. Usirushe picha yake ya kaptura iliyotoboka kwenye kundi la WhatsApp bila ruhusa.
8. Akinyamaza, ujumbe wa pili unatosha.