Somo: Namna ya Kupanga Bei ya Gari Kuukuu Lililobadilishwa Injini



Katika toleo hili tunaendelea na masomo yetu ya utunzaji wa mali za usharika. Sharika nyingi zina gari la zamani, mara nyingi Land Rover 109 au 110, lililotolewa na marafiki wa ng'ambo miaka mingi iliyopita. Gari hilo limebeba saruji, wagonjwa, kwaya na majeneza. Injini ya kwanza ilipochoka, fundi aliweka nyingine yenye nguvu zaidi. Sasa kamati imeamua liuzwe, na swali la kwanza ni moja tu: tuliuze shilingi ngapi?

Swali hili likijibiwa vibaya hasara yake ni kubwa. Bei ikiwa chini mno, washarika watanong'ona kwamba mzee fulani amejipatia gari la bure, na wafadhili watasita kutoa tena. Ikiwa juu mno, gari litakaa chini ya mti msimu baada ya msimu huku matairi yakioza na mlinzi akidai mshahara. Ndiyo maana tunalitolea somo zima.

1. FEDHA ILIYOTUMIKA SIYO BEI

Kamati nyingi huanza kwa kujumlisha risiti za injini, matairi, rangi na keria. Kisha husema, "Hatuwezi kuuza chini ya gharama zetu." Mnunuzi hanunui risiti. Anaangalia gari litamfanyia kazi gani na ni gari gani jingine angeweza kupata kwa fedha hiyo hiyo. Kwa hiyo risiti zitunzwe, kwa kuwa zinathibitisha matengenezo yaliyofanyika, lakini zisitumike kama bei.

2. TAMBUENI KWANZA MNAUZA NINI

Andikeni aina, mwaka wa kutengenezwa, namba ya chasisi na namba ya injini. Land Rover za Series III zilitengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985. Ile 109 ya dizeli ilitoka kiwandani na injini ya lita 2.25 yenye nguvu za farasi zipatazo 62. Toleo la 110 lilianza mwaka 1983, likiwa na springi za koili na breki za diski mbele. Jina la Defender lilianza kutumika mwaka 1990, na injini ya 300Tdi, yenye nguvu za farasi zipatazo 111, ilikuja mwaka 1994.

Tofauti hizi zina maana katika bei. Mkiweka 300Tdi ndani ya 109, nguvu inakaribia mara mbili ya ile ya kiwandani. Gari linapanda mlima vizuri. Lakini gia boksi, ekseli na breki za dramu katika magurudumu yote manne zilitengenezwa kwa ajili ya ile nguvu ndogo. Mnunuzi mjuzi atauliza, "Breki nazo mlibadilisha?" Kama jibu ni hapana, atapunguza bei, na ana haki.

Kagueni pia chasisi. Bodi ya Land Rover kwa sehemu kubwa ni ya aluminiamu, lakini chasisi ni ya chuma. Gari laweza kung'aa kwa rangi mpya huku chini linaliwa na kutu. Lipandisheni juu ya shimo la gereji, fundi agonge kwa nyundo ndogo na kuandika alichokiona.

3. CHAGUENI SOKO KABLA YA KUPANGA BEI

Badiliko lile lile laweza kuongeza thamani kwa mnunuzi mmoja na kuipunguza kwa mwingine.

(a) Mkulima au mfanyabiashara wa minadani. Huyu anataka nguvu, ulaji mdogo wa mafuta na spea zinazopatikana karibu. Kwake injini ya Toyota, Isuzu au Nissan iliyofungwa vizuri ni faida, mradi fundi wa kwao anaifahamu.

(b) Kampuni ya utalii au kambi ya wageni. Huyu anaangalia usalama, viti na karatasi. Injini ya kubahatisha humtia shaka.

(c) Mpenzi wa magari ya zamani. Uzalishaji wa Defender ya mtindo wa zamani ulikoma kiwandani Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016, na wapo watu wanaozitafuta Land Rover za zamani kwa mapenzi. Hapa kwetu mapenzi hayo yalionekana wazi katika tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha mwezi Oktoba 2024. Mnunuzi wa namna hii hulipia uasili. Hata sheria za nje huelekea huko: Marekani huruhusu gari lililofikisha umri wa miaka 25 kuingia bila kutimiza masharti yao ya usalama wa magari mapya, lakini msamaha wao wa masharti ya moshi kwa gari la miaka 21 au zaidi hudai liwe katika hali yake ya asili.

Kwa hiyo, kama injini ya kwanza bado imelala stoo, msiiuze kama chuma chakavu. Iorodhesheni pamoja na gari. Kwa mkulima haina maana, lakini kwa mpenzi wa magari ya zamani yaweza kuwa ndiyo sababu ya kununua.

4. HESABU YENYEWE

Tarakimu zifuatazo ni za kujifunzia tu, siyo bei za soko. Usharika una 109 yenye injini ya 300Tdi. Injini na ufungaji viligharimu shilingi 8,000,000, usukani wa pawa 1,200,000, na rangi, rimu na keria 2,300,000. Jumla ni 11,500,000. Soko lililochaguliwa ni la wakulima.

Hatua ya kwanza: tafuteni magari matatu ya aina hiyo, yanayotembea lakini hayajabadilishwa, ambayo yameuzwa kweli. Msichukue bei za kutangazwa, maana kila muuzaji hutangaza anachokitamani. Tuseme yaliuzwa 10,000,000, 11,000,000 na 12,000,000. Chukueni ya katikati: 11,000,000.

Hatua ya pili: waombeni mafundi wawili wasiofahamiana wakadirie kila badiliko linaongeza kiasi gani kwa mnunuzi wa soko hilo. Tuseme wanakubaliana kwamba injini inaongeza 4,000,000, usukani 500,000, na rangi, rimu na keria haviongezi kitu. Sasa tuna 15,500,000.

Hatua ya tatu: ondoeni gharama ambazo mnunuzi ataingia. Breki 1,200,000, kuchomelea chasisi 800,000, kurekebisha karatasi 500,000. Jumla 2,500,000. Inabaki 13,000,000.

Kama kamati ingejumlisha risiti juu ya thamani ya gari, ingedai 22,500,000. Tofauti ya shilingi 9,500,000 ndiyo inayoliacha gari chini ya mti.

Hatua ya nne: andikeni bei tatu katika muhtasari wa kikao. Bei ya kutangaza, tuseme 14,300,000. Bei tunayoitarajia, 13,000,000. Na bei ya mwisho, 12,000,000, ambayo chini yake hakuna mtu mwenye ruhusa ya kuuza bila kikao kingine. Bei ya mwisho ibaki siri ya kikao. Mithali 20:14 inatufundisha tabia ya mnunuzi anayeponda kitu mbele ya mwenye nacho, kisha akienda zake anajisifu. Kamati iliyoandika bei yake mapema haitikiswi na maneno ya dalali.

5. KARATASI

Namba ya injini iliyo kwenye kadi ya gari lazima ilingane na iliyogongwa kwenye injini. Kama injini ilibadilishwa na kadi haikurekebishwa, shughulikieni jambo hilo TRA kabla ya kutangaza. Mnunuzi makini atakimbia, na yule asiye makini atarudi kulalamika.

Angalieni pia jina lililo kwenye kadi. Mara nyingi mwenye gari kisheria ni dayosisi au bodi ya wadhamini, na usharika ni mtumiaji tu. Hapo kibali cha maandishi kinahitajika.

La muhimu zaidi: kama gari liliingia nchini kwa msamaha wa kodi, kumwuzia mtu asiye na msamaha huo kwaweza kuleta deni la kodi. Ulizeni TRA kwa barua, na jibu lao liingie katika hesabu kabla ya kupanga bei ya mwisho.

6. UKWELI NA UWAZI

Andaeni karatasi moja ya taarifa ya gari: mabadiliko yote, nani aliyafanya, lini, na kasoro zote zinazojulikana. Mnunuzi aisaini. Gari lenye nguvu mpya na breki za zamani litajaza abiria siku ya mnada na kuteremka mlima. Tukinyamaza ili tupate shilingi laki tano zaidi, tumeuza hatari kwa familia za watu. Mithali 11:1 inazungumzia mizani ya haki, na taarifa ya ukweli ni sehemu ya mizani hiyo.

Uzeni kwa zabuni za maandishi zilizofungwa, zifunguliwe siku moja mbele ya mashahidi. Mjumbe au mtumishi anayetaka kununua atoke katika vikao vyote vya bei, na fundi aliyekadiria asiwe mnunuzi. Tangazo lisomwe ibadani na kubandikwa nje, ili asiye msharika naye apate nafasi.

7. NENO KWA WAFADHILI NA WASHIRIKA WETU

Gari mlilolitoa halidharauliwi linapouzwa. Limemaliza kazi yake, na thamani iliyobaki inaendelea na utume. Tunazishauri sharika zisome mkataba wa msaada, ziwaandikie kabla ya kuuza, na baada ya kuuza ziwaletee nakala ya muhtasari, kiasi kilichopatikana na kazi kitakayofanya. Nanyi tunawaomba mjibu barua hizo mapema, maana gari linalosubiri jibu linapoteza thamani kila mvua inaponyesha.

MASWALI YA MAJADILIANO KATIKA KAMATI

1. Gari letu limefanyiwa mabadiliko gani, na ni yapi ambayo mnunuzi wa soko letu atayalipia?
2. Jina la nani liko kwenye kadi, na namba za injini zinalingana?
3. Je, gari liliingia kwa msamaha wa kodi?
4. Ni nani kati yetu mwenye nia ya kununua, na yuko tayari kutoka nje ya kikao?
5. Fedha itakayopatikana itafanya kazi gani, na nani atatoa taarifa kwa washarika?

Tunashauri maswali haya yajibiwe kwa maandishi kabla gari halijaoshwa wala kupigwa picha. Mungu awabariki katika uwakili wenu.