Chombo Kidogo na Subira Kubwa



Muhula huu palizuka ubishi katika bweni letu. Mwenzetu mmoja alikuwa amesoma habari za watu wenye mashua zao wenyewe, ambao huaga jamaa zao, wakatweka tanga, wakaizunguka dunia pole pole kwa miaka mitatu au minne, wakitua kisiwa hata kisiwa. Wengi wakacheka. "Huo ni uvivu wa matajiri," wakasema, "maana ndege huizunguka dunia kwa siku mbili tu." Mimi nami nilicheka. Mwalimu wetu wa jiografia alipopata habari hakutukemea, ila aliniambia, "Kasome kwanza, kisha uje utueleze." Basi nimesoma, na leo naleta jibu langu.

Chombo cha kwanza kuizunguka dunia kiliitwa Victoria, jina lile lile lililopewa baadaye ziwa tulionalo hapa Butimba. Kilitoka Hispania mwaka 1519 pamoja na vyombo vingine vinne, vyote vikiwa na watu 270 hivi. Mkuu wao, Magellan, aliuawa katika visiwa vya Ufilipino mwaka 1521. Septemba 1522 Victoria ilirudi Hispania ikiwa na watu 18 tu waliosalia. Safari ile ilikuwa ya mfalme, na shabaha yake ilikuwa biashara ya viungo.

Mtu wa kwanza kuizunguka dunia peke yake katika chombo chake alikuwa Kapteni Joshua Slocum, mzaliwa wa Kanada aliyefanya maskani yake Marekani. Huyu hakuwa tajiri. Alikuwa baharia mtu mzima aliyekosa kazi, kwa kuwa meli za moshi zilikuwa zimechukua nafasi ya meli za tanga. Rafiki yake alimpa chombo kikuukuu, jina lake Spray, kilichokuwa kimewekwa shambani kikioza. Slocum alikata miti, akatia mkuku mpya na mataruma mapya, akapiga mbao, akatia kalafati. Kazi hiyo ilimchukua miezi 13. Urefu wa chombo chake ulikuwa futi 37 hivi.

Aling'oa nanga Boston tarehe 24 Aprili, 1895, naye alikuwa na umri wa miaka 51. Chukua atlasi, ndugu msomaji, umfuate kwa kidole: Gibraltar, Brazili, Mlango wa Magellan, kisiwa cha Juan Fernandez, Samoa, Australia, visiwa vya Keeling, Rodrigues, Morisi, Durban, Cape Town, Mtakatifu Helena, hata akarudi Marekani tarehe 27 Juni, 1898. Alikuwa amekwenda maili 46,000. Katika Mlango wa Magellan alihofia kuvamiwa usiku, basi kabla ya kulala alimwaga misumari midogo juu ya sitaha. Waliokuja kumnyemelea miguu mitupu walirudi majini wakipiga kelele! Saa yake ilikuwa ya bati, aliyoinunua kwa dola moja.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Toka Aprili 1895 hata Juni 1898 ni siku 1,160. Gawa maili 46,000 kwa siku hizo, utapata maili 40 kwa siku, yaani chini ya maili 2 kwa saa. Mtu aendaye kwa miguu hutembea maili 3 kwa saa. Basi Slocum, ukihesabu na siku alizokaa bandarini, aliizunguka dunia kwa mwendo ulio mdogo kuliko wa mama zetu waendao sokoni. Lakini alifika.

Hapo ndipo nilipokuta jambo lililonishangaza. Novemba 1897, alipokuwa Durban, Slocum alikutana na Bwana Henry Morton Stanley, yule yule aliyelizunguka ziwa letu. Stanley alisifu subira yake, kisha akamwuliza itakuwaje chombo kikigonga mwamba. Slocum alimweleza kwamba kazi ya nahodha ni kukiweka chombo mbali na miamba.

Stanley naye alikuwa na mashua, jina lake Lady Alice. Urefu wake ulikuwa futi 40, yaani ilikuwa ndefu kuliko ile Spray. Iliundwa Uingereza kwa vipande vitano, na wapagazi waliichukua mabegani kutoka Bagamoyo hata Kageye, upande wa Magu, walikofika Februari 1875. Tarehe 8 Machi aliondoka Kageye na mabaharia 11, sukani ikishikwa na Wadi Safeni. Walipita Ukerewe, wakaenda kaskazini, wakamwona Kabaka Mutesa wa Buganda mwezi wa Aprili, wakashuka kwa pwani ya magharibi. Tarehe 6 Mei walikuwa Kageye tena. Safari hiyo ya karibu miezi miwili ilikata shaka ya Wazungu waliobishana tangu Bwana Speke alipoliona ziwa mwaka 1858. Ikajulikana kuwa ni ziwa moja, si mengi.

Lakini haraka ilikuwa na hasara zake. Ghuba ya Winam, ulipo mji wa Kisumu leo, hakuichungulia vizuri, na katika ramani yake ilitokea ndogo mno. Tena kisiwani Bumbire, tarehe 28 Aprili, walitua wakitafuta chakula. Wenyeji waliivuta mashua nchi kavu wakatwaa makasia. Stanley na watu wake waliisukuma majini, wakang'oa mbao za ndani kuzifanya makasia, wakaponea chupuchupu huku bunduki zikiua watu. Hayo yangeweza kuitwa kujiokoa. Lakini mwezi wa Agosti alirudi na jeshi katika mitumbwi, akawapiga risasi watu wa Bumbire waliokuwa ufukoni, na wengi wakafa. Hata kwao Uingereza watu walimlaumu. Aliyekuja kusifu subira ya mwenziwe Durban, yeye mwenyewe ilikuwa imempungukia Bumbire.

Babu yangu ni mvuvi wa Ukerewe. Nilipokuwa mdogo nilimwona akikaa ufukoni na tanga lake limekunjwa, nami nikidhani anapoteza wakati. Sasa naelewa. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Huo humpeleka mvuvi kazini. Mchana nchi kavu hupata joto upesi, na upepo hugeuka kumrudisha nyumbani. Wazungukao dunia kwa tanga hufanya vivyo hivyo kwa kipimo kikubwa. Wengi huelekea magharibi kwa sababu karibu na ikweta pepo za biashara huvuma kutoka mashariki, nao hungoja bandarini miezi ya tufani ipite. Kungoja kwao ni kazi, wala si uvivu.

Babu hufuata sheria moja: haingii katika chombo kilichojaa, hata kama ni cha mwisho siku hiyo. Sisi wa ziwa hili tunajua sababu. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei, 1996 karibu na Mwanza, na mamia ya watu walikufa. Wengi wao wamezikwa Igoma. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba, 2018, wakafa watu 228. Vyote viwili vilikuwa vimechukua watu kupita kadiri. Likizo inakuja, na wengi wetu tutavuka maji kwenda makwetu. Tukiona chombo kimejaa, na tubaki ufukoni hata kesho. Mama anayemngoja mwanawe ataweza kungoja siku moja zaidi.

Ndilo jibu langu kwa wenzangu wa bwenini. Aendaye pole juu ya maji hujifunza upepo, mwamba na tabia ya watu, naye hurudi kuwasimulia wengine. Wahenga walisema: mwenda pole hajikwai.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne