SOMO LA WIKI: Hesabu ya sikukuu si faida yote

Kila Idi inapokaribia, biashara ya Pemba hubadilika sura. Nguo za watoto, viatu, sukari na unga wa ngano hutoka madukani kwa kasi, na kuna bidhaa nyingine ambayo haiwekwi rafuni lakini hununuliwa na kila nyumba: nafasi ya kukaa ndani ya gari. Kuanzia sikukuu mosi hadi sikukuu nne, watoto na wazee wao hutoka Mgogoni, Konde, Micheweni na Wete kwenda viwanjani. Wengi huelekea Chake Chake, kwenye kiwanja cha kufurahishia watoto cha Tibirinzi, ambako Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar (ZSSF) umewekeza.

Mwekezaji mkubwa ameweka pembea na michezo. Mwekezaji mdogo, ambaye ndiye msomaji wa ukurasa huu, ameweka gari. Kiwanja kisichofikika ni kiwanja kitupu. Kwa hiyo mwenye gari moja ya abiria kule Mgogoni ni mshirika wa biashara ile ile, hata kama jina lake halimo katika mkataba wowote. Somo la wiki hii ni namna ya kuitunza gari hiyo na kuibadilisha kwa wakati, ili mtaji usiliwe pole pole bila mwenyewe kujua.

Pesa inayoonekana na pesa isiyoonekana

Tuchukue mfano. Tarakimu hizi ni za kufundishia tu. Msomaji aweke zake.

Tuseme umenunua gari iliyokwishatumika kwa shilingi 18,000,000. Umekusudia uitumie miaka 6, kisha uiuze kwa shilingi 6,000,000. Inafanya kazi siku 300 kwa mwaka. Dereva, baada ya kutoa mafuta, posho yake na ya utingo, anakuletea hesabu ya shilingi 35,000 kila siku. Wenye gari wengi husema: "Faida yangu ni 35,000." Hapo ndipo kosa linapoanzia.

Kwanza, matengenezo. Mipira minne kwa mwaka, tuseme shilingi 800,000. Oili na filta kila mwezi kwa 90,000 ni shilingi 1,080,000 kwa mwaka. Breki, springi, betri na ufundi, tuseme 1,120,000. Jumla ni shilingi 3,000,000, yaani 10,000 kwa kila siku ya kazi.

Pili, uchakavu. Wengi wakikumbuka kuuhesabu, huchukua bei waliyonunulia, 18,000,000, wakatoa 6,000,000, wakagawa kwa miaka 6. Wanapata 2,000,000 kwa mwaka. Lakini baada ya miaka 6 hutanunua gari kwa bei ya leo. Tuseme gari kama hiyo itakuwa imefika 24,000,000. Ukitoa 6,000,000 za kuuzia ile kongwe, unahitaji 18,000,000, yaani 3,000,000 kwa mwaka au 10,000 kwa siku.

Sasa toa 10,000 za matengenezo na 10,000 za kubadilishia gari katika zile 35,000. Faida halisi ni shilingi 15,000. Zile 20,000 nyingine si zako. Ni za gari, nawe ni mtunzaji tu. Anayezila anakula mtaji, na siku injini itakapokufa atakwenda kukopa ili arudi alipokuwa.

Sikukuu nayo ina deni lake

Katika siku nne za Idi hesabu inaweza kupanda. Tuseme inafika 90,000 kwa siku, jumla 360,000. Fedha hizi huwalevya watu. Lakini gari iliyofanya safari maradufu imechakaa maradufu: breki zimeshikwa mara nyingi zaidi, klachi imechoka, springi zimebeba watu na vikapu. Sehemu ya fedha ya sikukuu ni fidia ya uchakavu huo, na irudi kwenye gari kabla haijafika kwa fundi cherehani.

Tena kuna jambo la kalenda. Idi hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa Kizungu. Mwaka 2024 Idi ndogo iliangukia Aprili, na mwaka 2025 mwishoni mwa Machi, yaani katika majira ya masika. Gari iliyozoea sikukuu za kiangazi sasa hubeba watoto katika mvua na utelezi. Mipira iliyokwisha meno, waipa zisizofuta na turubai linalovuja, ambavyo wakati wa jua ni kero ndogo, katika masika ni hatari. Mwenye akili huipeleka gari yake gereji katika Ramadhani, wakati safari za mchana ni chache, wala hangoji mwandamo wa mwezi, ambapo mafundi wote wana foleni na vipuri vimepanda bei.

Somo kutoka Florida

Wapo watakaosema haya ni matatizo ya masikini. Sivyo. Bustani ya michezo ya Walt Disney World, Florida, Marekani, ilifunguliwa Oktoba 1971 ikiwa na treni yake ya reli moja ya kubebea wageni. Kati ya mwaka 1989 na 1991 treni za mwanzo ziliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na mpya 12. Hazikubadilishwa kwa siku moja. Mpya ziliingia pole pole huku kongwe zikiendelea kubeba watu, na wageni hawakukosa usafiri. Hiyo ndiyo faida ya kuwa na akiba mapema: unabadilisha ukiwa bado una cha kutumia.

Lakini tajiri naye huanguka. Usiku wa tarehe 5 Julai 2009 treni moja ilirudishwa nyuma ili ihamie reli nyingine. Kiungo cha kuhamishia reli kilikuwa hakijasogezwa, na hakuna aliyehakikisha. Msimamizi alikuwa akiongoza kwa redio akiwa mbali na chumba cha udhibiti. Treni ikarudi katika njia ile ile, ikaigonga iliyokuwa kituoni, na dereva kijana akafa. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani ilieleza kwamba hapakuwa na utaratibu uliowekwa wa kazi ile. Chuma kilikuwa kizima. Kilichokosekana ni karatasi ya utaratibu na mtu wa kuifuata.

Karibu na nyumbani tunalo la Dar es Salaam. Mabasi ya mwendokasi yalianza kazi Mei 2016 yakiwa 140. Karakana yake iliwekwa Jangwani, katika bonde la mto Msimbazi, na mafuriko yaliyofuata yakaharibu mabasi. Kumbe mahali pa kulaza gari nako ni sehemu ya matengenezo.

Na sisi wa Pemba hatuhitaji kuambiwa gharama ya chombo kujaa kupita kiasi. Tarehe 10 Septemba 2011, siku chache baada ya Idi, MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikija Pemba, imejaza watu kuliko ilivyoruhusiwa. Nyumba nyingi za kisiwa hiki zingali na pengo. Anayemwambia utingo "ongeza wawili tu, ni sikukuu" akumbuke hilo. Nauli ya wawili hao hailingani na roho moja. Hata kwa hesabu kavu, mwenye bima anayejaza kupita kibali anaipa kampuni sababu ya kubisha madai yake.

La kufanya

1. Fungua akaunti mbili benki: moja yako, moja ya gari. Zile 20,000 za mfano wetu ziingie ya pili.
2. Weka daftari. Andika kila oili, mpira na breki, tarehe na kilomita. Ukija kuuza, daftari hilo litakuongezea bei.
3. Mpe dereva orodha fupi ya asubuhi: breki, mipira, taa, maji, oili. Atie saini. Utaratibu usioandikwa haupo.
4. Weka vipuri vinavyokatika mara kwa mara. Kipuri kinachongojwa kutoka Unguja kwa meli ni siku mbili tatu bila hesabu.
5. Wenye gari watatu wa kijiji kimoja wakubaliane: moja iwe gereji wakati mbili ziko njiani. Hivyo abiria wa Mgogoni hawatakosa gari, na hakuna mwenye gari atakayeogopa kuitengeneza.

Swali la kujipima: kwa tarakimu za gari yako mwenyewe, ukitoa matengenezo na bei ya gari ijayo, unabakiwa na shilingi ngapi kwa siku? Ikiwa jibu ni sifuri, si biashara inayokulisha wewe. Wewe ndiye unayeilisha, na ni bora ulijue hilo leo kuliko sikukuu mosi, gari ikiwa imezimika njiani na watoto wamevaa nguo mpya.