Mbuzi wa kuzalisha: tuanze kwa mama yake
Ndugu wana-koperative, pesa ya masomo ikikosekana, tunakamata jike yeyote mwenye bei nzuri, tunamupeleka soko Lubumbashi. Kumbe pengine ndiye mama bora wa kundi. Kidogo kidogo tunabakia na ukoo zaifu.

Wazalishaji wa farasi wa mbio kule Uingereza walianza kuchapa kitabu cha koo tangu 1791, watoto wameandikwa chini ya jina la mama. Sisi, kaye moja ya masomo inatosha.

Kwa kila mama tuandike: alizaa tarehe gani, watoto wangapi, wangapi walifika kuacha ziwa. Mimba ya mbuzi ni karibu siku 150. Akitunzwa vizuri, anaweza kuzaa mara tatu katika miaka miwili.

Tubakize mabinti wa mama anayekomaza mapacha wote wawili, mwenye maziwa ya kutosha na chuchu zote nzima. Jike mnono asiyezaa, huyo ndiye aende soko.

Na beberu asipande mabinti zake. Kabla hawajaanza kutafuta dume, tubadilishane beberu na kijiji kingine.