Maziwa, Usingizi na Sumaku: Kumwandaa Mtoto Mchanga kwa Kipimo cha MRI

Wanawake wawili wamekaa benchi moja nje ya chumba cha MRI. Wa kwanza ana mtoto wa wiki 6, na nesi amemwambia amnyonyeshe sasa hivi mpaka ashibe. Wa pili ana mtoto wa miezi 9 anayelia kwa njaa, naye ameambiwa asimpe hata tone. Yule wa pili anamtazama mwenzake, moyo unamuuma, anaanza kufungua vifungo vya blauzi. Anataka kumtuliza mwanawe kidogo tu. Akimnyonyesha, kipimo cha siku hiyo kitaahirishwa. Akimnyonyesha kisha akanyamaza, uhai wa mtoto utakuwa hatarini.

Maziwa yale yale yanayomsaidia mtoto wa kwanza yanaweza kumdhuru wa pili, kwa sababu mmoja atalala mwenyewe na mwingine atalazwa kwa dawa. Mzazi akilielewa hilo mapema, maandalizi mengine hayatamshinda.

Kwa nini mtoto lazima alale

Kipimo cha MRI hutumia sumaku yenye nguvu kubwa pamoja na mawimbi ya redio kupiga picha za ndani ya mwili. Hakitumii mionzi kama eksirei au siti skani. Daktari anaweza kukiagiza kwa mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa, mwenye degedege lisiloeleweka chanzo chake, mwenye kichwa kinachokua haraka kupita kawaida, aliyezaliwa na mgongo wazi, au mwenye uvimbe unaohitaji kuchunguzwa kwa undani.

Si kila mtoto huanzia hapo. Utosi wa mtoto mchanga ukiwa bado haujafunga, daktari anaweza kuangalia ubongo kwa ultrasaundi kupitia utosini, bila dawa ya usingizi. Siti skani nayo huisha haraka sana, na kwenye dharura inaweza kuwa ndiyo chaguo sahihi ingawa ina mionzi. Kwa hiyo ni haki yako kumuuliza daktari: kwa nini MRI, na picha hizo zitabadilisha nini katika matibabu ya mwanangu?

Ugumu wa MRI ni muda. Mara nyingi kipimo huchukua dakika 20 hadi 60, na muda huo wote mtoto anatakiwa atulie. Akigeuza kichwa, picha inatoka na ukungu na lazima irudiwe. Juu ya hayo mashine ina kelele za kugonga na kunguruma zinazoweza kupita desibeli 100. Mtu mzima huambiwa atulie akavumilia. Mtoto mchanga haambiliki, basi njia ni kumpata akiwa usingizini.

Swali la kwanza siku ya kupangiwa

Unapopewa tarehe, usiondoke dirishani kabla hujauliza: mtoto wangu atalala mwenyewe, au atapewa dawa ya usingizi? Jibu liandikwe kwenye kadi au karatasi ya miadi, pamoja na saa ya mwisho ya kumlisha.

Hakikisha pia mnaelewana saa. Kadi iliyoandikwa 9:00 huenda inamaanisha saa 3 asubuhi, nawe ukaisoma saa 9. Itaje saa kwa sauti, mhudumu aithibitishe. Kosa la saa kwenye kipimo hiki si la kuchelewa tu, kwa sababu ratiba yote ya maziwa huhesabiwa kutoka hapo.

Mtoto atakayelala mwenyewe

Njia hii huwafaa zaidi watoto wa umri usiozidi miezi 3, ingawa vituo vingine huijaribu mpaka miezi 6. Hakuna sindano ya usingizi. Mtoto hufikishwa hospitali akiwa na njaa na usingizi, kisha hushibishwa, hufungwa vizuri na kuachwa alale.

Kazi inaanzia nyumbani. Msikilize nesi atakuambia lini unyonyeshe mara ya mwisho kabla ya kutoka. Mara nyingi ni saa 2 hadi 3 kabla ya kipimo. Baada ya hapo jitahidi asisinzie. Njiani ni shida, kwa sababu daladala au matatu humlaza mtoto upesi. Mbebe ukimtazama usoni, mwongeleshe, mpunguzie nguo, mguseguse nyayo. Ukiweza kuja na mtu wa pili, njoo naye mpokezane.

Ukifika, usimnyonyeshe mpaka uambiwe. Kwa kawaida nesi atakuita zikiwa zimebaki dakika 30 hadi 45. Mbadilishe nepi kwanza, kwa sababu ukiibadilisha ameshashiba utamwamsha. Mnyonyeshe mpaka aachie ziwa mwenyewe, kisha mweke begani acheue. Hewa iliyobaki tumboni inaweza kumwamsha katikati ya picha.

Sasa mfunge. Tandaza shuka la hospitali au khanga laini ya pamba, kunja pembe moja, mlaze chali mabega yakiwa usawa wa mkunjo. Nyoosha mkono mmoja ubavuni, vuta upande mmoja wa khanga juu ya kifua na uuchomeke chini ya mgongo. Fanya vivyo hivyo upande wa pili. Kifuani pabane kiasi cha vidole viwili kuweza kupita, na chini uache nafasi miguu ikunjike kama chura, usiinyooshe kwa nguvu. Usitumie pini hata moja. Wala usiongeze blanketi juu ya blanketi, kwa sababu mawimbi ya mashine huupasha mwili joto kidogo. Baadhi ya hospitali zina mfuko maalumu unaotolewa hewa ukamshika mtoto mwili mzima bila kumuumiza.

Asipolala, au akiamka mashine inapoanza kugonga, usijilaumu. Watamtoa, utamtuliza, watajaribu tena au watakupangia siku nyingine.

Mtoto atakayepewa dawa ya usingizi

Watoto wakubwa kidogo, na wale ambao picha zao ni ndefu, kwa kawaida hupewa dawa chini ya uangalizi wa daktari wa usingizi. Hapa tumbo linatakiwa liwe tupu. Mtu aliyelazwa kwa dawa hupoteza kinga ya kukohoa na kumeza. Maziwa yakipanda kutoka tumboni yanaweza kuingia kwenye mapafu, na hilo huua.

Saa zinazotumika sana ni hizi: chakula chepesi, uji, maziwa ya kopo na maziwa ya ng'ombe viishe saa 6 kabla ya dawa, maziwa ya mama saa 4 kabla, maji safi saa 2 kabla. Chakula kizito au chenye mafuta huhitaji muda mrefu zaidi. Vipo vituo vinavyoruhusu muda mfupi kuliko huo, kwa hiyo fuata uliyoandikiwa na daktari wako, usifuate aliyoandikiwa jirani.

Tuseme dawa itatolewa saa 3 asubuhi. Uji au maziwa ya kopo mwisho ni saa 9 usiku. Ziwa la mama mwisho ni saa 11 alfajiri. Maji safi mwisho ni saa 1 asubuhi. Tega kengele ya simu saa 10 na nusu alfajiri, umwamshe umnyonyeshe vizuri amalize kabla ya saa 11. Ukimwacha alale mpaka asubuhi kwa kumwonea huruma, atakaa na njaa muda mrefu kuliko inavyohitajika, na mtoto mdogo huishiwa maji na sukari haraka. Miadi ikisogezwa mbele mmeshafika, mwambie nesi mtoto alikula lini, aone kama anaweza kupewa kitu au kuwekewa dripu.

Uji, hata uwe mwepesi kama maji, ni chakula. Maziwa yaliyotiwa maji bado ni maziwa. Kwa mtoto wa chini ya miezi 6 anayenyonya tu, usianze kumpa maji kwa ajili ya kipimo bila kumuuliza daktari. Na kila anayelala nyumba ile aijue ratiba: bibi, shangazi, dada wa kazi, na kaka mwenye biskuti mkononi.

Mweleze daktari wa usingizi yote: kama alizaliwa njiti, kama amewahi kuacha kupumua, kama anakoroma, ana tatizo la moyo, anatumia dawa za degedege, au kuna ndugu aliyewahi kupata shida kwenye nusu kaputi. Mtoto akiwa na mafua, kikohozi, homa au kutapika siku mbili tatu kabla, piga simu hospitali. Huenda wakaahirisha, kwa sababu njia ya hewa yenye mafua hupata shida zaidi chini ya dawa. Dawa zake za kila siku, hasa za degedege, usizikatishe mwenyewe. Uliza zitolewe vipi asubuhi hiyo.

Kamwe usimpe mtoto piriton, dawa ya kifua wala promethazine ili afike amesinzia. Promethazine haifai kwa mtoto wa chini ya miaka 2, kwani inaweza kumkatisha pumzi. Tena daktari akiongeza dawa yake juu ya hiyo bila kujua, hatari inakuwa maradufu.

Chuma hakiingii

Sumaku ya MRI haizimwi baada ya kazi. Iko hai usiku na mchana. Mwaka 2001, katika hospitali moja ya jimbo la New York nchini Marekani, mtoto wa miaka 6 alifariki baada ya mtungi wa oksijeni wa chuma ulioingizwa chumbani kuvutwa na mashine na kumpiga kichwani. Ndiyo maana mlangoni utaulizwa maswali yale yale mara mbili au tatu. Jibu kwa utulivu kila mara.

Usiku wa kuamkia kipimo, mvue mtoto nguo zote umkague kutoka utosini mpaka kidoleni. Vua bangili, herini, cheni na shanga za kiunoni, kwani nyingine zimetungwa kwa waya au zina kifungo cha chuma. Hirizi nayo ivuliwe. Bibi anaweza kuishika nje mpaka mtoto atoke. Futa wanja machoni na kwenye nyusi kwa mafuta na kitambaa laini, kwa sababu wanja mwingine una chembe za madini zinazoharibu picha au kupata joto. Mvike nguo ya pamba isiyo na zipu, vishikizo vya chuma wala nyuzi za kumetameta. Kama unatumia nepi ya kitambaa, pini ibaki nyumbani.

Kama amewekewa mpira wa kutoa maji kichwani, kifaa cha kusikia, au chuma chochote kwenye upasuaji, njoo na karatasi za upasuaji. Baadhi ya mipira hiyo ina vali inayorekebishwa kwa sumaku, na MRI inaweza kuibadilisha. Vali ya aina hiyo hukaguliwa baada ya kipimo kabla hamjaondoka.

Mzazi anayeingia naye hukaguliwa vilevile. Acha nje simu, funguo, sarafu, kadi za benki, mkanda, pini za ushungi, vibanio vya nywele na sidiria yenye waya. Sema kama una kifaa cha moyo, kitanzi, chuma mwilini au ujauzito.

Ndani ya chumba

Omba kuona mtoto amekingwa masikio kabla mashine haijaanza. Kuna vizibo laini vya kuziba tundu na vifuniko vidogo vya kufunika sikio lote, na vyote viwili vinaweza kutumika pamoja. Mguuni au mkononi atafungwa kifaa kinachosoma mapigo ya moyo na oksijeni, na mhudumu atamwangalia muda wote.

Wakati mwingine huchomwa dawa ya kung'arisha picha kupitia kanula. Uliza kama inahitajika kweli, na useme kama mtoto ana tatizo la figo. Ikitumika, mtoto anaendelea kunyonya kama kawaida.

Baada ya kipimo

Aliyelala mwenyewe huondoka mara tu mnaporuhusiwa. Aliyepewa dawa hubaki chini ya uangalizi mpaka aamke vizuri, apumue sawasawa na aweze kunyonya bila kutapika. Anza na kidogo kidogo.

Njiani usimfunge mgongoni kwa mbeleko siku hiyo. Kichwa cha mtoto mwenye dawa mwilini huangukia kifuani, njia ya hewa ikaziba nawe humuoni. Mbebe mbele, kidevu kikiwa juu na uso wake mbele ya macho yako. Usipande naye bodaboda. Nyumbani mlaze chali, na usiku huo alale jirani na mtu mzima wa kumwangalia.

Mrudishe hospitali mara moja akipumua kwa shida, midomo ikigeuka bluu, asipoamshika, akitapika mfululizo, akipata homa au degedege.

Majibu hayatoki papo hapo. Daktari bingwa wa picha huzisoma kwanza, kisha anayemtibu mtoto hukueleza. Uliza tarehe ya majibu kabla ya kuondoka.

Mzazi mwenzangu, ukikosea ratiba ya maziwa, kama bibi alimpa uji alfajiri au wewe mwenyewe ulishindwa kuvumilia kilio, mwambie daktari wa usingizi kabla hajatoa dawa. Kipimo kitaahirishwa, nanyi mtarudi siku nyingine mtoto akiwa mzima.