Meno ya askari asiye na faili

SWALI: Baba mdogo aliondoka Ngulyati kwenda Vita vya Kagera, hakurudi. Mabaki yakipatikana, meno yatamtambulisha? Hakuwahi kwenda kwa daktari wa meno.
Msomaji, Bariadi

JIBU: Pole sana. Meno peke yake, hapana. Wataalamu huyalinganisha na kumbukumbu za uhai wake: picha za eksirei, meno yaliyozibwa au kung'olewa. Bila hizo, tafuta picha aliyopigwa akicheka. Pengo au meno yaliyopandiana huonekana. Waulize wazee kama alikuwa na madoa ya kahawia. Visima vingi vya Usukumani vina floridi, na doa hilo huingia jino likiumbika utotoni, halisuguliki. Ila wenzake aliokua nao wanaweza kuwa nalo vilevile.

Tegemeo kubwa ni gego, maana ganda lake gumu hutunza DNA miaka mingi. Inayodumu zaidi ni ile ya upande wa mama: baba yako, kama wamezaliwa mama mmoja, anafaa kutoa sampuli, au watoto wa dada zao. Watoto wa marehemu mwenyewe hawafai kwa kipimo hicho. Lakini kwanza ulizieni JWTZ na makaburi ya Kaboya, Muleba, walikozikwa mashujaa wengi wa vita vile.